Maabara Yajibu: Chembe nano za kitosani, sindano na usalama wa mnyama

Barua nyingi za safari hii zinahusu chembe nano za polima asilia zinazoingizwa mwilini kwa sindano, hasa za kitosani, polima itokanayo na magamba ya kamba na kaa. Kwa wasomaji wageni: chembe hizi huwa na upana wa nanomita 100 hadi 300 hivi na hubeba dawa au chanjo. Njia inayopendwa vyuoni ni kuyeyusha kitosani kwenye asidi asetiki hafifu, kisha kudondoshea mmumunyo wa sodiamu tripolifosfeti huku ukikoroga. Chaji hasi za fosfeti hukamatana na chaji chanya za kitosani, na chembe hujifunga zenyewe.

SWALI: Shikamooni wataalamu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili, Morogoro. Nimetengeneza chembe za kitosani zisizo na dawa, nanomita 210, chaji ya uso wa chembe +38 mV. Niliwachoma panya wadogo weupe kwenye mshipa wa mkia, miligramu 20 kwa kilo, chembe zikiwa kwenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9. Watatu kati ya sita walikufa ndani ya dakika tano. Je, niandike kwamba kitosani ni sumu kwa dozi hiyo?

JIBU: Marahaba. Usiandike hivyo bado. Madhara ya polima kwenye ini au figo huonekana baada ya saa au siku. Kifo cha dakika tano baada ya sindano ya mshipani kwa kawaida kina chanzo kingine: mapafu yameziba, mwili umepata mshtuko, au sindano yenyewe ilizidi ujazo na kasi. Vyote vitatu vinachunguzika, na sehemu kubwa ya uchunguzi huo haihitaji panya mwingine.

Anza na chupa. Zile nanomita 210 ulizipima kwenye nini? Wengi hupima kwenye maji safi yenye pH 5. Kilichoingia mshipani ni chembe zilizokwisha kukaa kwenye chumvi, kisha zikakutana na damu yenye pH 7.4. Kitosani hubeba chaji chanya kwenye asidi; ukivuka pH 6.5 hivi, chaji hiyo huanza kupotea, chembe haziwezi tena kusukumana, zinashikana. Chumvi nayo huzidisha tatizo kwa kufunika chaji iliyobaki. Fungu linalozidi maikromita 5 halipiti kwenye kapilari za mapafu, na mapafu ndiyo kituo cha kwanza kwa chochote kinachotoka mshipa wa mkia.

Changanya chembe zako na plazima ya panya, nusu kwa nusu, nyuzi 37. Pima ukubwa mara tu unapochanganya, baada ya dakika 15, saa 1, saa 4 na saa 24. Pima plazima peke yake pia, kwa sababu protini zake zina vilele vyake ambavyo ni rahisi kuvidhania kuwa ni chembe. Halafu weka tone kwenye kioo, litazame kwa hadubini ya kawaida, ukuzaji wa mara 400. Chembe za nanomita 210 hutaziona; ukiona vipande, hayo ndiyo mafungu. Rudia zoezi kwenye chumvi ya asilimia 0.9 na kwenye dekstrozi ya asilimia 5. Mara nyingi dekstrozi huzituliza, kwa kuwa inaleta ulinganifu na damu bila kuongeza ioni.

Kisha angalia seli nyekundu. Kitosani hutumika kwenye bandeji za kuzuia damu kwa majeruhi kwa sababu huzigandisha seli nyekundu zikashikana. Sifa hiyohiyo ndani ya mshipa ni hatari. Kipimo hiki hakina gharama kubwa: osha seli nyekundu mara tatu kwa chumvi iliyotiwa bafa, zipunguze ziwe asilimia 2 ya ujazo, changanya na chembe kwa viwango vinne au vitano, weka nyuzi 37 kwa saa 3 ukigeuza mirija kila nusu saa. Zungusha kwa nguvu ya g 800 kwa dakika 15, soma maji ya juu kwenye nanomita 540. Kilinganishi cha kupasua chote ni Triton X-100 (sabuni ya maabara) ya asilimia 1. Kilinganishi cha kutopasua ni ile bafa peke yake. Chini ya asilimia 2 huhesabiwa kwamba hazipasui, 2 hadi 5 zinapasua kidogo, zaidi ya 5 zinapasua.

Kuna mitego mitatu hapa. Bafa ya fosfeti huweza kuigandisha kitosani, basi tumia bafa nyingine, kama HEPES. Damu isikusanywe kwenye heparini, kwa sababu heparini ina chaji hasi nyingi na hung'ang'ania kitosani. Tumia sitreti kisha osha vizuri. Na chembe zenyewe huweza kuinyonya hemoglobini zikashuka nayo chini, ukasoma maji meupe na kuandika "salama". Kwa hiyo weka mrija mmoja wenye chembe na hemoglobini iliyokwisha kutolewa kwenye seli, uone ni kiasi gani kinapotea. Kabla ya kuzungusha, chukua tone utazame: seli zinaweza kushikana vichaka vichaka bila hata moja kupasuka, na kipimo cha rangi hakitakwambia.

Sasa ujazo. Hukututajia mkusanyiko, nasi tunauhofia. Chembe za njia hii mara nyingi hupatikana kwenye miligramu 1 kwa mililita. Ukitaka miligramu 20 kwa kilo kutoka humo, panya wa gramu 25 anahitaji mililita 0.5. Damu yake yote ni mililita 1.8 hivi. Sindano ya mkupuo kwenye mshipa isizidi mililita 5 kwa kilo, yaani mililita 0.125 kwa panya huyo. Kama ulifanya hivyo, umempa mara nne ya kiwango, na pengine kwa pH 5. Pima pH na msongamano wa chumvichumvi wa kila unachochoma. Lenga osmolaliti (wingi wa vilivyoyeyuka) ya 280 hadi 300 mOsm/kg.

Kama mizoga uliihifadhi, usiitupe. Mapafu yaliyowekwa mapema kwenye fomalini yenye bafa, ujazo mara kumi ya tishu, yakikatwa maikromita 4 hadi 5 na kutiwa rangi ya hematoksilini na eosini, yatakuonyesha. Kitosani hushika eosini, kwa hiyo mafungu huonekana kama vitu vya waridi visivyo na umbo ndani ya kapilari. Mizoga iliyogandishwa kwenye friza haifai kwa kazi hii. Barafu hupasua tishu.

Ukisharekebisha hayo, omba kibali upya kwa kamati ya maadili na uanze na mnyama mmoja mmoja: miligramu 1 kwa kilo, subiri saa 48, kisha 3.2, kisha 10. Choma taratibu, sekunde 30 hadi 60, sindano ya geji 27 au nyembamba zaidi, mkia ukiwa umepashwa moto kidogo. Hatua hii ya kupanda nusu logi (kila dozi ni mara 3.2 hivi ya iliyotangulia) tumeiazima kwenye mwongozo namba 425 wa dozi za mdomo wa OECD, shirika la nchi linalotoa miongozo ya vipimo vya sumu. Ule wa zamani wa kutafuta dozi inayoua nusu ya wanyama, namba 401, ulifutwa mwaka 2002, na hakuna sababu ya kuurudisha kwa mlango wa nyuma.

SWALI: Habari za kazi, jopo. Mimi ni fundi wa maabara, Nairobi. Chembe zetu za kitosani zilipita kipimo cha endotoksini cha LAL (kinachotumia vimeng'enya vya damu ya kaa-farasi), hakuna kilichoonekana. Lakini sungura walipanda joto kwa zaidi ya nyuzi moja. Mkuu wangu anasema joto ni la chembe. Mimi sina uhakika.

JIBU: Njema, ndugu. Shaka yako ina msingi. Endotoksini ni mabaki ya kuta za bakteria, yana chaji hasi, na kitosani ina chaji chanya. Inayakumbatia, kimeng'enya cha LAL hakiyafikii, kipimo kinasoma sifuri. Ndani ya mnyama kitosani inaanza kuvunjika na yale yaliyofichwa yanatoka.

Njia ya kujua ni kuongeza kiasi kinachojulikana cha endotoksini kwenye sampuli yako na kuona unarudishiwa kiasi gani. Kipimo kinakubalika tu kama kinarudi kati ya asilimia 50 na 200. Tunadhani sampuli yenu ikiwekewa uniti 0.5 kwa mililita, hamtapata hata robo yake. Dawa ya kwanza ni kuzimua. Kikomo cha binadamu kwa sindano ni uniti 5 kwa kilo kwa saa. Kama dozi ni mililita 5 kwa kilo, basi kila mililita isizidi uniti 1. Kifaa chenye uwezo wa kuona uniti 0.005 kinakuruhusu kuzimua hadi mara 200 bila kupoteza maana ya kipimo. Jaribu mara 10, 50, 100, na kila hatua uongeze endotoksini ya kujulikana. Ikishindikana, tumia kipimo cha monositi (seli nyeupe) za damu ya binadamu, ambacho huangalia saitokini (kemikali za ishara ya kinga) zinazotolewa na seli zenyewe.

Upo pia mtego wa upande wa pili. LAL ya kawaida huamshwa na beta-glukani, zinazotoka kwenye vichujio vya selulosi na kwenye ukungu. Anayepata endotoksini nyingi kupita kiasi atumie kitendanishi chenye kizuizi cha beta-glukani kabla ya kumlaumu muuza kitosani.

Kuzitoa ni kazi ngumu kuliko kuzizuia. Otoklevu ya nyuzi 121 haiziui. Kichujio cha maikromita 0.22 huzuia bakteria, lakini endotoksini hupita, na kwa chembe za nanomita 200 na zaidi kinakula na mali yako yote. Pima mkusanyiko kabla na baada ya kuchuja, utashangaa. Choma vyombo vya kioo nyuzi 250 kwa angalau dakika 30, tumia maji ya sindano kuanzia hatua ya kwanza, chuja mimumunyo miwili ikiwa bado haijachanganywa, kisha tengeneza chembe ndani ya kabati safi. Ndoo ya maji yaliyotoneshwa iliyokaa mezani tangu Ijumaa ndiyo chanzo tunachokiona mara kwa mara.

Jambo moja la kukuondolea mashaka kuhusu wanyama: panya huvumilia endotoksini kuliko binadamu. Sungura yuko karibu nasi zaidi. Kwa hiyo hata kama panya hawaumwi, hilo halipingani na homa ya sungura.

SWALI: Tunatengeneza kitosani wenyewe kwa magamba ya kamba, Bagamoyo. Ni nyeupe na inayeyuka vizuri. Je, inafaa kuwa chembe za sindano?

JIBU: Weupe na kuyeyuka havitoshi. Magamba huondolewa madini kwa asidi, protini kwa soda kali, kisha asetili kwa soda ya asilimia 40 hadi 50 kwenye moto. Kila hatua huacha masalio. Kabla ya kufikiria mnyama, pima majivu, protini iliyobaki (tropomiosini ndiyo inayoleta mzio wa kamba), risasi, kadimiamu na aseniki, kiwango cha kuondoa asetili, uzito wa molekuli na endotoksini. Kila mkupuo wa utengenezaji uupe namba yake, na usichanganye mikupuo miwili katika jaribio moja. Kama vipimo hivyo havipo, nunueni kitosani ya daraja la dawa kwa ajili ya sindano, ile yenu iende kwenye majaribio ya vidonda vya juu ya ngozi au ya mimea.

SWALI: Mimi ni daktari wa mifugo, Kajiado. Tunajaribu chanjo ya mbuzi iliyobebwa na chembe za kitosani, mililita 1 kwenye msuli. Panya hawakuonyesha tatizo. Mbuzi wanne kati ya kumi wana uvimbe mgumu mahali pa sindano siku ya saba. Tusimamishe?

JIBU: Daktari, simamisha uchomaji wa wapya kwa siku chache, si utafiti wote. Chukua majimaji ya uvimbe mmoja au miwili kwa sirinji safi, oteshea bakteria na uyatazame kwa hadubini. Usaha wenye bakteria ni kosa la usafi. Makrofeji (seli zinazomeza vitu vigeni) nyingi bila bakteria ni mwili unaozila chembe, na kwa chanjo, sehemu ya mwasho huo ndiyo inayoiamsha kinga. Kinachohitaji kuamuliwa ni ukubwa wa uvimbe na muda wake.

Kwa hiyo unahitaji kipimo chenye ratiba: kalipa kwa upana wa uvimbe saa 6, 24, 48 na 72, kisha siku ya 7, 14 na 28; alama 0 hadi 4 za wekundu, ugumu na maumivu anapobonyezwa; kuchechemea; joto la puru asubuhi, kwa siku tatu kabla ya sindano pia. Joto la kawaida la mbuzi ni 38.5 hadi 39.5, na mbuzi aliyesimama juani hupanda bila ugonjwa wowote. Anayepima asijue nani alichomwa nini.

Makundi yawe manne: kimiminika kitupu, chembe bila antijeni (kile ambacho chanjo inaifundisha kinga kukitambua), chembe na antijeni, na antijeni kwenye alumini hidroksaidi ambayo tabia yake inafahamika. Kama chembe tupu zinavimbisha sawa na zenye antijeni, punguza kiasi cha kitosani au gawa dozi sehemu mbili. Kama kimiminika kitupu kinavimbisha, tafuta asidi. Ukipata mnyama wa kuchinjwa siku ya 28, kata msuli wote wa eneo hilo, uutazame kama nyuzi zimepona au zimekuwa kovu.

Kuhusu panya kutokuonyesha kitu: msuli wa paja la panya mdogo hupokea mililita 0.05, ujazo ambao hauwezi kuonyesha uvimbe wa mililita 1. Zaidi ya hapo, mbuzi, kondoo, ng'ombe na nguruwe wana makrofeji ndani ya mishipa ya mapafu, ambazo panya na sungura kwa kawaida hawana. Chembe zikiingia mshipani kwa bahati mbaya, makrofeji hizo huzikamata na shinikizo la mapafu hupanda ghafla. Mnyama anahema kwa taabu, povu, anaanguka. Vuta pistoni nyuma kila sindano kabla ya kusukuma, na uwe na adrenalini mkononi. Nguruwe ndiye anayetumiwa kupima mshtuko huu kwa makusudi, kwa vile ni mwepesi sana kuupata. Kabla ya kufika huko, changanya chembe na serumu kwa nyuzi 37 na upime C3a na SC5b-9 (alama za kuamshwa kwa komplementi, protini za kinga za kwenye damu), ukiwa na zaimosani, unga wa kuta za hamira unaoiamsha, kama kilinganishi.

SWALI: Mimi ni mhadhiri, Kampala. Tunapanga jaribio la siku 28, dawa ndani ya chembe, panya wakubwa. Tumepanga kundi la dawa-kwenye-chembe na kundi la maji ya chumvi, wanyama watano kila moja. Siku ya mwisho tutapima ALT na AST (vimeng'enya vinavyopanda kwenye damu ini likiumia). Mnashauri nini?

JIBU: Mwalimu, makundi mawili hayatajibu swali lako. Ini likiumia, utamlaumu nani: dawa, polima, tripolifosfeti iliyobaki, au asidi? Weka kimiminika kilichobaki baada ya kuzitenganisha chembe (ndicho kilinganishi cha kweli, na ndicho kinachosahauliwa), chembe tupu, dawa tupu, na chembe zenye dawa kwa dozi tatu. Mwongozo wa OECD namba 407 huweka majike watano na madume watano kila kundi, na watano wa kila jinsia wa ziada kwenye kilinganishi na kwenye dozi ya juu, wanaobaki siku 14 zaidi bila sindano. Kwa chembe nano hao wa ziada ni wa lazima kwa maoni yetu, maana swali zito ni kama chembe zinaondoka. Idadi ikikutisha, anza na majaribio madogo ya kutafuta dozi ili dozi moja au mbili zifutwe mapema. Gawa wanyama kwa kura, na wa kundi moja wasijazwe wote kizimba kimoja.

Dozi ya juu itawekwa na chupa: suspensheni ya miligramu 2 kwa mililita, kwa mililita 5 kwa kilo, inatoa miligramu 10 kwa kilo, basi. Kuikoleza hadi 20 kwa mililita kwa kawaida kunaleta mafungu, na utakuwa unapima kitu kingine. Kwa makadirio ya binadamu, gawa dozi ya panya mkubwa kwa 6.2, ya panya mdogo kwa 12.3.

AST peke yake ni shahidi dhaifu. Hupanda damu ikipasuka kwenye sirinji, na sindano nyembamba ikivutwa kwa haraka hufanya hivyo hasa. Tazama rangi ya serumu. Ikiwa ya waridi, andika na usiitegemee. Ongeza ALP (kimeng'enya kingine cha ini na njia ya nyongo), bilirubini, kreatinini, yurea, hesabu kamili ya damu, uzito wa mwili mara mbili kwa wiki, na uzito wa ini, bandama na figo kwa uwiano wa uzito wa mwili. Aliyepoteza asilimia 20 ya uzito auawe kwa huruma, asisubiri siku ya 28.

Kwenye vioo vya hadubini, makrofeji za ini na bandama zilizojaa vitobo (vakuoli) ni jambo la kutarajiwa. Ndiko chembe zinakoishia. Zikiwa peke yake, bila seli za ini kufa na bila ALT kupanda, huo si ujeruhi. Yaandike hata hivyo, kisha uwatazame wale wa siku 14 za ziada. Kama vitobo vimepungua, mwili unazimeng'enya. Kama viko vilevile, punguza mara za sindano kabla ya kupunguza dozi.

Na kama mnafuatilia chembe kwa rangi inayong'aa, chomeni panya wawili watatu kwa rangi tupu. Rangi ikichomoka kwenye chembe huenda figoni na kwenye kibofu yenyewe, na picha nzuri ya figo inayong'aa haitakuwa na chembe hata moja ndani yake.